Mtoto Anaota Meno: Kipi Kinunuliwe, Kipi Kibaki Dukani

Ingia duka la dawa lolote la mjini jioni, sema mtoto anaota meno na halali, kisha uangalie mikono ya muuzaji. Mara nyingi hatauliza mtoto ana miezi mingapi wala ana kilo ngapi. Ataanza kukupangia juu ya meza: jeli ya kupaka kwenye fizi, dawa ya maji ya maumivu, maji ya tumbo, kidude cha kung'ata chenye rangi kama peremende, na akikuona una dalili za mshahara, atatoa na kijiboksi kutoka Uingereza ambacho bei yake huitaja polepole. Mzazi ambaye usiku uliopita amelala kwa kusinzia hana nguvu za kubishana. Analipa, anaondoka.

Nimezipitia bidhaa hizo moja moja, nikaziweka pamoja na vitu ambavyo muuzaji hatakutajia kwa sababu havina faida kwake. Bei ninazozitaja ni za kukadiria, za maduka ya Dar es Salaam. Mwanza au Mombasa utakuta nyingine, na mwakani zitakuwa zimebadilika. Uwiano wake ndio usiobadilika sana, na uwiano huo una kituko chake: kwa mtoto anayeota meno, bei na faida hupishana njiani. Cha ghali hufanya kidogo, cha rahisi hufanya zaidi, na vya maana kuliko vyote vipo nyumbani tayari.

Kwanza tujue tunanunulia kitu gani. Meno ya utoto ni 20. La kwanza, mara nyingi moja ya yale mawili ya mbele chini, hutokeza mtoto akiwa na miezi 6 hivi, ingawa wapo wa miezi 4 na wapo wanaofikisha mwaka wakiwa kibogoyo na afya tele. Yote huwa yamekamilika mtoto anapokaribia miaka 3. Ukiisikia hesabu hiyo unaweza kudhani una miaka miwili ya kukesha mbele yako. Sivyo. Madaktari wa Cleveland, Marekani, waliwafuatilia watoto 125 na meno 475 yakitokeza, wakachapisha matokeo mwaka 2000. Usumbufu ulioambatana na jino ulikaa ndani ya siku 8 hivi: siku 4 kabla halijatoboa, siku lenyewe linapotoka, na siku 3 baadaye. Ndani ya siku hizo watoto waling'atang'ata, walitoa udenda, walijisugua fizi na masikio, walikuwa na hasira, waliamka, walikataa chakula kigumu na joto la mwili lilipanda kidogo. Homa kali, kuharisha, kutapika na kikohozi havikuonekana kuandamana na jino. Tutarudi hapo, maana hapo ndipo penye gharama kubwa kuliko zote.

Kwa mnunuzi, maana yake ni kwamba hununui dawa ya miaka miwili. Unanunua usaidizi wa siku chache, kisha mapumziko, kisha siku chache tena. Chupa kubwa na boksi la "okoa fedha kwa kununua tatu" havina kazi.

Tuanze na vya bure. Mchana mtoto ana mengi ya kumsahaulisha: kuku uani, redio, watoto wa jirani. Usiku amebaki yeye na fizi yake, ndiyo maana kilio huanza taa zikizimwa. Osha mikono kwa sabuni, kata kucha, umkandamize fizi taratibu kwa kidole kwa dakika moja au mbili kabla ya kumlaza. Mkandamizo huo ndio anaoutafuta anapoutia mdomoni mkono wako, rimoti na ncha ya kanga. Kitambaa safi cha pamba kilicholoweshwa maji yaliyochemshwa na kupozwa hufanya kazi hiyo hiyo, na ubaridi wake hutuliza fizi iliyovimba. Mwenye friji aweke humo kijiko cha chuma au kitambaa chenyewe kwa nusu saa, asikiweke kwenye friza, kwa kuwa kitu kilichoganda huunguza ufizi. Asiye na friji, au aliyeishiwa umeme wa luku, ana mtungi. Maji ya mtungi uliokaa penye upepo hupoa vya kutosha. Yachemshe kwanza, yamimine kwenye chombo chenye kifuniko, kisha kiweke ndani ya mtungi.

Titi nalo limo kwenye orodha ya bure. Mtoto anayenyonya huliwazwa na maziwa, joto la mama na kunyonya kwenyewe. Wapo wanaokataa titi siku ya jino kwa sababu kunyonya kunavuta damu kwenye fizi na kuuma. Mpe kwanza kitambaa baridi, kisha ujaribu tena. Ila chupa ya maziwa au juisi iliyoachwa mdomoni usiku kucha ni mkopo wenye riba: sukari hulala juu ya jino jipya na kuanza kulitoboa kabla mtoto hajajua kulitumia.

Udenda hauhesabiwi na wengi, lakini humwamsha mtoto. Shingo na kidevu hulowa, ngozi huchubuka, huwasha. Kopo dogo la mafuta ya mgando la elfu moja au mbili, likipakwa nyembamba kidevuni na kwenye mikunjo ya shingo baada ya kupangusa, hukaa miezi. Kwa maoni yangu hii ndiyo shilingi inayofanya kazi kuliko zote katika habari nzima ya meno. Kitambaa cha shingoni cha kuzuia udenda kivuliwe kabla ya kulala, kisije kikamkaba.

Vidude vya kung'ata vina ngazi tatu. Vya mezani Kariakoo ni vya elfu mbili tatu. Vya silikoni vya kipande kimoja, kwenye maduka ya watoto, huanzia kama elfu tano na kwenda elfu kumi. Halafu vipo vya majina makubwa vinavyopita elfu ishirini na zaidi. Ngazi ya kati inatosha kabisa. Angalia mambo mawili tu: kiwe kipande kimoja kisicho na kipuli kinachoweza kung'oka na kumkaba, na kiwe kinastahimili kuchemshwa, maana kitaanguka chini mara nyingi. Vyenye maji ndani nisingenunua kwa bei yoyote; jino jipya ni kali, hutoboa, na hayo maji hujui yamekaa humo tangu lini. Hicho cha elfu ishirini kinang'atwa vilevile kama cha elfu saba, ila kinapendeza zaidi kwenye picha. Na vyote ni vya saa za kuwa macho. Mtoto akishasinzia, kitolewe kitandani.

Karoti na kipande cha muwa, ambavyo bibi wengi hupendekeza, vilifaa enzi za kibogoyo. Mtoto mwenye meno mawili tayari anaweza kumega kipande na kukosa meno ya kukitafuna. Usiku wakati wa usingizi haviruhusiwi hata kidogo.

Sasa jeli. Hii ndiyo bidhaa inayouzwa zaidi kwa jina la meno, tyubu ndogo ya gramu chache ambayo mara nyingi hugharimu elfu kumi au zaidi, na ukipiga hesabu ya gramu kwa gramu utagundua ni miongoni mwa vitu ghali kabisa utakavyowahi kumpaka mtoto. Inafanya nini? Nyingi zina dawa ya ganzi, ama lidokeini ama benzokeini. Unapaka, fizi inakufa ganzi, mate ya mtoto yanaanza kutiririka kama kawaida yao, na baada ya dakika chache jeli yote imeshamezwa. Usiku una saa nyingi kuliko hizo. Ganzi iliyomezwa haipotei bure pia: huweza kulitia koo ganzi, mtoto akashindwa kumeza vizuri maziwa.

Mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, mwaka 2018 iliwataka watengenezaji waache kuuza benzokeini kwa ajili ya watoto wa chini ya miaka 2, kwa sababu inaweza kuifanya damu ishindwe kubeba oksijeni. Ni jambo la nadra, lakini linaua, na kwa mtoto mweusi huoni ubluu mashavuni. Unatakiwa uangalie ulimi, midomo ya ndani na kucha. Kabla ya hapo, mwaka 2014, mamlaka hiyo hiyo ilitoa onyo kali juu ya lidokeini ya majimaji kwa watoto wanaoota meno. Uingereza, ambako jeli nyingi za rafuni kwetu hutoka, mwaka 2009 iliamua kwamba jeli zenye salisilati, ndugu wa aspirini, zisitumiwe na walio chini ya miaka 16. Bonjela ya kawaida ilikuwa mojawapo. Hapa mnunuzi anatakiwa kuwa macho, kwa kuwa jina hilo moja hukaa juu ya tyubu zaidi ya moja zenye dawa tofauti ndani. Usisome jina kubwa la mbele. Geuza boksi, usome maandishi madogo. Ukiona benzokeini au salisilati kwenye jeli ya mtoto mchanga, irudishe mezani bila kuona haya.

Mafuta ya karafuu hayana maandishi ya kusoma, yanakuja kwenye kichupa kutoka Unguja au Pemba kama zawadi ya shangazi. Kwa jino bovu la mtu mzima yana sifa zake za haki. Kwa mtoto ni habari nyingine: huunguza fizi laini, na watoto waliomeza kiasi kidogo tu wameumia ini na wengine kupoteza fahamu. Mshukuru shangazi, weka kichupa juu ya kabati.

Shanga na mikufu ya kaharabu inayosemwa kutuliza meno imeanza kuonekana kwenye kurasa za wauza nguo za watoto. Ni ghali, haina kazi iliyothibitishwa, na FDA mwaka 2018 ilitoa onyo baada ya kupokea taarifa ya mtoto wa miezi 18 aliyenyongwa na mkufu wa aina hiyo akiwa usingizini. Uzi wowote shingoni usiku una hatari hiyo hiyo, hata ukiwa wa hirizi. Anayetaka iwepo aitundike ukutani.

Maji ya tumbo, yale ya kwenye chupa yenye picha ya mtoto mnene, ni ya gesi kwa mujibu wa wanaoyauza. Hata huko kwenye tumbo ushahidi wake ni mwembamba. Kwenye fizi hayana lolote.

Tufike kwenye dawa ninayoitetea. Paracetamol ya maji iliyotengenezwa hapa nchini, chupa ya ml 60, aghalabu haizidi elfu tatu. Ile ya jina maarufu kutoka nje inaweza kufika mara tatu au nne ya hapo. Ndani ni dawa ile ile. Unacholipia zaidi ni ladha ya stroberi, boksi zuri na bomba la kupimia. Bomba hilo ndilo la maana, nalo linauzwa peke yake kwa shilingi mia chache: bomba la sindano lisilo na sindano. Vijiko vya chai vya nyumbani havilingani. Kimoja kinabeba ml 3, kingine ml 6, na usiku wa manane hakuna anayekagua ni kipi.

Kipimo hufuata uzito, na uzito uko kwenye kadi ya kliniki. Kwa kila kilo ni miligramu 15 kwa dozi moja. Mtoto wa kilo 8 anahitaji miligramu 120, na chupa ya kawaida ya watoto ina miligramu 120 katika kila ml 5, kwa hiyo hapo ni ml 5. Chupa ya ml 60 inakupa dozi 12. Ukiitoa dozi moja nusu saa kabla ya kulala, katika zile siku mbili tatu mbaya tu, chupa ya elfu tatu inakupitisha meno kadhaa kwa shilingi 250 kwa usiku. Linganisha na jeli. Lakini soma namba hizo kwenye chupa yako, maana zipo za miligramu 250 kwa ml 5 za watoto wakubwa, na zipo za matone zilizokolea zaidi ya zote. Dozi zisikaribiane chini ya saa 4 na zisizidi 4 kwa siku. Mtoto wa chini ya miezi 3 asipewe bila mtaalamu kumwona. Kosa linalotokea mara nyingi ni kumpa mtoto paracetamol, kisha kumpa dawa ya mafua ambayo nayo ina paracetamol ndani kwa jina jingine la biashara. Ini la mtoto halijui majina ya biashara.

Ibuprofeni inatuliza pia, na ni ghali kidogo. Siipendi iwe chaguo la kwanza kwetu, kwa sababu haimfai mtoto aliyepungukiwa maji, na mtoto anayeharisha ni jambo la kila wiki mtaani. Aspirini asipewe kabisa.

Nunua kwenye famasi au duka la dawa muhimu lililosajiliwa, angalia tarehe na namba ya toleo, hata kama kwa mmachinga ni rahisi kwa mia tano. Nigeria mwaka 2008 iliuzwa dawa ya maji ya watoto wanaoota meno iliyoitwa My Pikin. Ilikuwa na kemikali ya viwandani, aina ile inayotiwa kwenye maji ya breki. Watoto zaidi ya 80 walikufa, figo zikiwa zimegoma.

Kuna dawa nyingine ambayo haiandikwi kwenye orodha yoyote ya meno lakini inatolewa majumbani kwa siri: Piriton, au dawa yoyote ya mzio inayosinzisha. Kidonge ni cha bei ya pipi. Dada wa kazi aliyechoka anavunja nusu, mtoto analala, kila mtu anasifu. Maumivu hayajapungua hata kidogo. Ni mtoto aliyezimwa asiweze kuyasema. Dawa za kundi hilo zinaweza kudhoofisha upumuaji wa mtoto mdogo, na promethazini, mojawapo yake, imepigwa marufuku Marekani kwa watoto wa chini ya miaka 2 tangu 2004. Zungumza na anayebaki na mtoto, kwa upole, kabla hujazungumza na daktari.

Narudi kwa watoto wa Cleveland. Miezi 6 ndiyo umri ambao kinga aliyopewa mtoto na mama yake tumboni inakwisha. Ndio umri anaoanza uji, anaotambaa, anaookota kila kilicho sakafuni na kukitia mdomoni. Kwa hiyo kuharisha na homa huja msimu mmoja na meno, na jino, kwa kuwa linaonekana, ndilo linalosingiziwa. "Ni meno tu, yatapita" ni sentensi ya bure ambayo imegharimu familia nyingi mtoto.

Na msingizio huo una biashara yake. Tanzania huitwa meno ya nailoni, Kenya meno ya plastiki, Uganda ebinyo. Mtoto ana homa na anaharisha, mtu anamfungua kinywa, anaona uvimbe mweupe mahali pa chonge, anasema hayo ndiyo yanayomuua. Yanachokonolewa kwa spoku ya baiskeli, kisu au sindano. Kilichotolewa ni chonge changa lenyewe, ambalo lingeota kama kawaida. Homa haiendi popote, kwa kuwa ilikuwa ya malaria au ya maji machafu. Linaloongezeka ni jeraha, damu, hatari ya pepopunda, na baadaye jino la ukubwani lililopinda. 

Ndiyo maana kitu ambacho ningekinunua kabla ya vyote hakiuzwi kwa jina la meno. Ni kipimajoto cha betri, ambacho famasi nyingi wanacho kwa elfu tano hadi elfu kumi. Kikae kwapani mpaka kilie. Joto la 37.5 kwapani kliniki huhesabiwa homa, na penye malaria homa hupimwa. Kipimo cha haraka hutoa jibu ndani ya dakika 20 hivi. Kwa sera ya Tanzania mtoto wa chini ya miaka 5 hutibiwa bure kwenye vituo vya umma, ingawa dawa ikiwa imekwisha utaandikiwa ukanunue nje. Akiharisha, pakiti ya ORS na vidonge vya zinki ndiyo matibabu, kwa fedha isiyofika mbali. Na mtoto wa chini ya miezi 3 mwenye 38, anayeshindwa kunyonya, anayetapika kila kitu, aliyelegea au aliyepata degedege haulizwi habari za jino. Anapelekwa usiku huo huo.

Chandarua je? Hicho hutolewa kliniki mama anapoanza mahudhurio ya ujauzito na mtoto anapochanjwa surua akiwa na miezi 9. Usikiache kwenye mfuko wake. Nimeona nyumba zenye jeli ya elfu kumi na tano kitandani na neti ikiwa bado imefungwa kabatini, na mtoto anaamka kwa mbu.

Mwenye elfu ishirini anunue kipimajoto, paracetamol ya hapa nchini na bomba la kupimia. Chenji iwe nauli. Mwenye elfu tatu tu anunue paracetamol, aombe bomba, na namba ya bodaboda anayefanya kazi usiku aihifadhi kwenye simu kabla ya kulala.